Ukuta wa Wajusari

Jumanne, mwezi wa kumi na moja. Machochwe.

Alfajiri mvua ilipita, nyepesi, ya kulowesha vumbi tu. Sasa jua limetoka na mabati yanalia kama kawaida yake yakianza kupata moto. Nimekaa uwanjani, miguu nimeinyoosha, simu mkononi, na leo sina mdomo.

Wanaonijua watashangaa kusikia Mama Bhoke hana mdomo.

Blogu hii alinifungulia Bhoke mwenyewe, binti yangu wa kwanza, mwalimu wa biolojia wa sekondari huko Musoma. Alisema, mama, maneno yako ni mengi kuliko masikio ya watu wa Machochwe, andika. Mimi nina darasa la saba tu, la kule Kemambo nilikozaliwa, lakini wanaonisoma wanasema naandika vizuri kuliko watu wenye vyeti. Sijasema mimi. Wamesema wao.

Leo naandika jambo nililolificha wiki tatu.

Nimewafuta Wajusari.

Kwa wageni wa hapa nieleze kwanza. Wajusari ni watu wa jamii ya mijusi ambao hawapo duniani. Walikuwapo kwenye ukuta wa nje wa jiko langu, ule unaotazama uwanjani, chini ya upenu ambapo mvua haifiki. Bhoke aliwachora kwa mkaa akiwa na miaka tisa. Leo ana ishirini na sita, na miaka yote hiyo hakuna mkono uliogusa ukuta ule. Kila mwaka nilisiriba nyumba nzima kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu, nikifika pale naruka. Watoto wa jirani walijua kwamba atakayegusa atanijua mimi ni nani.

Yote yalianza na mguu. Bhoke alikuwa akimfukuza mjusi, yule wa kwenye mawe makubwa mwenye kichwa chekundu na mgongo wa bluu, akateleza na kuvunjika chini ya goti. Hospitali wakamfunga hogo, lile plasta jeupe gumu, wakasema asikanyage chini mpaka muhula uishe. Mtoto ambaye hata kanisani alikuwa hatulii. Nikamtandikia ngozi ya ng'ombe chini ya upenu, mguu nikauweka juu ya gunia la mahindi, nami nikahamishia kazi zangu zote pale. Kupukuchua, kuchambua mboga, kupepeta ulezi. Ulikuwa muhula mrefu, na sijawahi kupata mwingine mzuri kama ule.

Siku ya tatu akaniuliza, "Mama, mjusi akibanwa anauacha mkia anaota mwingine. Mimi kwa nini siwezi kuuacha mguu?"

Nikamwambia Mungu hakutuumba hivyo.

Akafikiri. Akajivuta kwa makalio mpaka mlangoni mwa jiko, akachukua kipande cha mkaa. "Basi mimi nitaumba wa kwangu."

Nilitaka kumkemea kwa neno hilo. Sikumkemea, na mpaka leo nashukuru.

Mjusari wa kwanza alimchora mkubwa, wa urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, kwa sababu juu zaidi ya hapo mkono wake ulikuwa haufiki. Anasimama kwa miguu miwili. Akichoka anaushusha mkia chini na kuukalia kama kigoda. Mkia huo akibanwa mlangoni au akikamatwa na adui anauacha, na mwingine unaota kabla mavuno hayajafika. Mpya unakuwa mfupi na hauna mapambo, kwa hiyo ukimwona Mjusari mwenye mkia mfupi unajua huyu amepita kwenye hatari, na unampisha njiani. Bhoke alichora wengi wenye mikia mifupi. Mimi nilielewa kwa nini.

Magamba ya tumboni ni madogo kama punje za ulezi, laini, na mtoto akiogopa anajibandika hapo kwa mama yake. Ya mgongoni ni makubwa, yamejipanga mistari kama mahindi kwenye gunzi. Hilo la mahindi lilitoka kwangu. Nilikuwa nimeshika gunzi mkononi, nikamwonyesha, akasema, "Ehe, hivyohivyo mama, usilisogeze," nikakaa na mkono juu mpaka ukafa ganzi.

Kichwa kimechongoka kwa nyuma kama yai la bata, kwa sababu wana akili nyingi na akili inataka nafasi. Masikio ni matundu mawili tu. Wanawake hawana pa kuning'iniza hereni, hivyo shanga wanavaa mkiani. Utosini mwanamke ana kishungi cha ngozi kama upanga wa jogoo, na akifikiria jambo zito kinasimama chenyewe. Kwa hiyo huko kwao mwanaume hawezi kumwambia mkewe kwamba hafikirii. Baba Bhoke aliposikia hilo alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Jicho lina kope tatu. Ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ya usingizi. Ya tatu ni nyembamba, unaweza kuona kupitia ndani yake, na hiyo Mjusari anaifunga anapotaka kumwangalia mtu ambaye hayupo. Nilimuuliza, sasa anamwonaje kama hayupo? Akanijibu, "Ndiyo kazi ya kope hiyo, mama." Miaka tisa. Nitajieni mtoto mwingine wa miaka tisa katika wilaya hii aliyejibu hivyo.

Hawana sauti. Wana kifuko shingoni kinachojaa hewa na kubadilika rangi, na rangi ndiyo maneno. Kahawia ni salamu, kijani ni swali, nyekundu ni tusi. Gizani rangi hazionekani, kwa hiyo giza likiingia wanashikana mikono na kugongana vidole. Huwezi kusema na mtu usiku bila kumshika. Vidole vyenyewe ni vinne kila mkono, na kimoja kinawatazama wenzake kama gumba letu, kwa hiyo hesabu zao zinaishia nane halafu zinaanza upya. Bhoke alihesabu kwa nane muhula mzima mpaka nikaogopa atarudi shule na kufeli. Alirudi akawa wa pili, na yule wa kwanza mama yake alikuwa mwalimu.

Damu yao ni baridi. Asubuhi wanatoka nje wanajilaza kwenye mawe, na hakuna anayeruhusiwa kumsemesha mwenzake mpaka jua limpashe. Sheria hiyo niliiweka mimi. Wakati ule, nikiwa bado sijawasha moto, watu walikuwa wanapita na shikamoo zao na shida zao, na mimi nilitamani sana nchi ya kuota jua kwanza. Bhoke akaiandika pembeni kwa mwandiko wake wa kulala: *Asubuhi ni kimya. Mama amesema.*

Wanakula kumbikumbi na matunda, vyote vibichi. Nikamuuliza, sasa nani anapika? Akasema hakuna, hawana jiko. Nikamwambia nitafutie nafasi huko nihamie.

Wanataga mayai mchangani. Yanayozikwa kivulini wanatoka wasichana, yanayozikwa juani wanatoka wavulana. Leo Bhoke anafundisha kwamba mamba wetu wa mto Mara nao ni hivyo, joto la mchanga ndilo linaloamua nani atatoka jike na nani dume. Wakati ule hakuwa amefundishwa na mtu. Aliotea tu, akapata. Watoto wanaanza kuita wakiwa bado ndani ya yai, na mama anaweka kidevu mchangani kuwasikiliza. Wakikua wanajivua ngozi mvua za kwanza zinapoanza. Mgongoni mkono haufiki, kwa hiyo wanavutana wawili wawili, na wale waliovuana msimu mmoja wanakuwa rika moja mpaka kufa. Wanasaidiana na kuzikana, kama sisi Wakurya na rika zetu.

Niishie hapo, maana naweza kwenda mpaka jioni.

Siku hogo lilipokatwa, ukuta ulikuwa umejaa. Mguu ulitoka mwembamba na mweupe kama muhogo uliomenywa. Bhoke akausimamia, akatazama ukuta, akasema, "Basi, wamekamilika," akaenda kucheza. Hakuongeza hata mstari mmoja tangu siku hiyo. Mimi ndiye niliyebaki nao. Kila mgeni aliyefika hapa nilimsimamisha pale na kumweleza kimoja kimoja, mganga wa zahanati, wachunga ng'ombe, mpaka katekista. Wengine walikuwa wanazunguka nyuma ya zizi nisiwaone.

Sasa nije kwenye kosa.

Mdogo wake, Ghati, amepata mchumba. Familia ya Genkuru, watu wazuri, wana ng'ombe na wana heshima. Wiki tatu zilizopita walikuja mara ya kwanza kuutazama mji wetu na kuzungumza. Siku moja kabla, wifi yangu Nyangi, dada yake Baba Bhoke, alifika kunisaidia kufagia. Akasimama mbele ya ukuta, mkono kiunoni.

"Mama Bhoke, na hawa?"

"Hawa wamefanya nini?"

"Wakwe wakikuta mijusi yenye mikono imejipanga ukutani, watageuza."

"Ni michoro ya mtoto, wifi. Unajua."

"Mimi najua. Wao watasema mama wa binti anawalisha."

Mnaelewa alichomaanisha. Huku kwetu mtu akianza kusema kwamba unafuga kitu cha kichawi, hakuna wa kumnyamazisha. Nilimtazama Baba Bhoke. Akasema, "Ukuta ni wako," akaenda kuwaangalia ng'ombe. Wanaume wana namna yao ya kusaidia.

Nilichanganya kinyesi na udongo na majivu, nikasiriba. Nilianzia miguuni nikapanda, haraka haraka, sikutaka kuwatazama usoni. Nilipomaliza ukuta ulikuwa laini, safi, kama ukuta wa mtu yeyote.

Wakwe walikuja, wakala, wakasifu. Mama yake kijana alisema mji huu una usafi. Nami nikajivuna. Niliipokea sifa ile kwa mikono miwili, nikamwongezea chai.

Karibu wiki tatu nilipita pale bila kugeuza shingo.

Juzi Jumapili Bhoke akapiga simu. Sauti yake ilikuwa juu kama ya mtoto. Anaandaa kitabu cha kuwafundisha watoto habari za miili ya viumbe, na anawafundisha kwa kutumia Wajusari. Damu baridi, magamba, mayai, yote yamo. Mchapishaji amekipenda, ila ameomba michoro ile ya kwanza, ya mkaa. Jumatatu ijayo anataka kazi yote mezani, bila hiyo hakichukui.

Nikamwambia, wewe si unajua kuchora, wachore tena.

"Kuchora najua mama. Mkono wa miaka tisa ndio siwezi kuurudisha. Nipigie picha ukuta."

Nikamdanganya. Nilisema kamera ya simu yangu imeingia maji. Jana akasema tumia simu ya Ghati. Nikasema Ghati ameenda Mugumu. Ghati alikuwa amekaa pembeni yangu anasuka ukili, akainua macho akanitazama, akayarudisha chini. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nimewalea watoto hawa kwa kuwachapa fimbo kila wakidanganya.

Leo asubuhi, mvua ilipokatika, nikachukua kijiko nikaenda ukutani. Nilijiambia nitakwangua taratibu, mkaa utakuwa uko chini yake. Nikaanzia kwenye kona. Kipande cha ukubwa wa kiganja kikatoka kizima, tap, kama ganda. Chini yake ukuta ulikuwa mtupu. Hakuna hata mstari.

Nilikaa chini.

Halafu nikaona kipande kile kimelala juu ya kanga yangu, upande wa ndani uko juu. Na pale palikuwa na jicho. Jicho la Mjusari, na kope zote tatu, jeusi kabisa, limegeuka kulia kuwa kushoto. Mkaa ulikuwa umeshikwa na udongo wangu na kutoka nao.

Nikabandua cha pili. Mkono, vidole vinne. Nikakiweka kwenye ungo. Cha tatu kilikuwa kikubwa, nikakivuta kwa pupa, kikavunjika vipande vingi na mkaa ukamwagika. Kilikuwa na maneno. Yalisema nini sijui, na hakuna atakayejua. Nikaweka kijiko chini, nikampigia Bhoke wakati wa mapumziko ya saa nne.

Nilimwambia yote. Ya wifi, ya wakwe, ya kamera, ya Ghati. Upande wa pili nilisikia wanafunzi wakicheza.

Kisha akasema, "Mama. Wewe ndiye uliyekuwa unamwonyesha kila mtu."

"Ndiyo."

"Uliwaonea aibu."

Nilikuwa na maneno mengi ya kujibu. Kwamba ni kwa ajili ya mdogo wako, kwamba hujui watu wa huku wanavyosema. Yote yalifika mdomoni. Nikasema, "Ndiyo, mwanangu. Niliwaonea aibu."

Aliposema tena, sauti ilikuwa ya mwalimu.

"Ulipovibandua, mkaa umebaki ukutani au umetoka na udongo?"

"Umetoka na udongo. Umegeuka."

"Kugeuka si shida, kompyuta itageuza. Kwani ulivyosiriba, ukuta hukuulowesha kwanza?"

Hapo nikashtuka. Kila mwanamke wa huku anajua, kabla ya kusiriba unanyunyizia maji ukuta wa zamani ili udongo mpya ushike. Nimefanya hivyo tangu nikiwa msichana Kemambo. Siku ile sikunyunyizia. Ningependa kuandika hapa kwamba nilifanya makusudi, kwamba mkono wa mama ulijua. Watu mngenisifu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na haraka ya kumaliza kabla sijaanza kulia.

"Sikulowesha," nikamwambia.

"Basi usiguse tena. Usifute hata vumbi. Ijumaa usiku nitakuwa hapo, Jumamosi tunabandua sote mchana kutwa, Jumapili narudi." Akaongeza, "Nimekasirika mama. Nitakuja nikiwa bado nimekasirika."

"Njoo hivyohivyo," nikasema.

Nilipokata ndipo nikakumbuka. Jumamosi hiyo ndiyo wakwe wa Genkuru wanarudi kumalizia mazungumzo ya mahari. Nikampigia wifi Nyangi. Yeye hakufikiri hata kidogo. Mwambie Bhoke asogeze mbele, akasema, kitabu ni karatasi, ndoa ni ndoa, na ukuta uliobanduka nusu na mijusi iliyokatwa vichwa ni mbaya kuliko mijusi mizima. Katika hilo la mwisho nakiri amesema kweli.

Nikamuuliza Ghati, kwa sababu ndoa ni yake na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hakuacha kusuka. "Kama watanikataa kwa sababu ya michoro ya dada, mama, mimi nitakaa kwao vipi?" Huyu naye ni wangu. Nilikuwa nimesahau kujivunia huyu, macho yote yalikuwa kwa mkubwa.

Kwa hiyo Jumamosi itakuwa hivi. Wakwe watanikuta uwanjani na Bhoke, tumepiga magoti, mikono imejaa udongo. Wakiniuliza ni nini, jibu rahisi lipo, niseme ni mchezo wa mtoto, tucheke, tuingie ndani. Nimekaa hapa na simu tangu saa nne nikijaribu jibu jingine kimoyomoyo, na kila mara naishia palepale, kwenye kusema kwamba baadhi yake ni kazi yangu mimi. Miaka kumi na saba nimejisifia akili za mwanangu. Hilo langu sijawahi kumwambia mtu.

Nitaweza?

Sijui. Ila siku ya ugeni viti vya wageni huwa naviweka vinatazama barabara, ili waone ng'ombe wetu wakipita. Jumamosi nitavigeuza vyote vitazame ukuta.